Mguu wa Bi Tatu

Kirekebishi kilimpandisha Bi Tatu jukwaani, ungeapa hajafa: kikapu mkononi, khanga kichwani, bega la kulia likishuka kwanza, ndipo mguu unafuata ukiburuta. Wanachama wa Chama cha Vibonzo cha Morogoro wakapiga makofi. Hawa ni wachoraji wa jioni tu, mchana kila mtu ana kazi yake. Lakini kwa kukosoana, mama wee!

Mashine yenyewe haina huruma. Ukiipa mkanda wa video wa mtu, inamjenga kwa mwanga, anatembea na kucheka. Mtazamaji akisema "rekebisha," inameza mchoro wa zamani pamoja na mkanda uliouzaa, inatoa mpya, na hairudi nyuma. Kanuni ya chama nayo ni moja: mwenye kazi hafungui mdomo mpaka wote wamalize kusema.

Kwa kanuni hiyo Kobelo alimchinja mwenzake Siwema kwa maneno mwaka jana. Siwema alikuwa amemleta kaka yake Shomari, aliyefariki Siwema akiwa bado mtoto mdogo, kutoka mkanda pekee uliobaki nyumbani kwao.

"Mtu gani anacheka kafumba jicho moja?" Kobelo alisema, ukumbi ukaangua kicheko. "Rekebisha."

Jicho likafumbuka. Shomari akawa kijana wa tangazo la dawa ya meno. Siwema akameza machungu yake, akasubiri.

Leo ilikuwa zamu ya Kobelo. Na Bi Tatu, Siwema alimjua vizuri sana. Yeye ndiye aliyemshika bibi huyo mkono kwenye ngazi za jengo lao miaka yote ambayo mwanawe, Kobelo huyu, alikuwa kwenye vituo vya angani akituma salamu.

Siwema akasimama. "Hongera, kaka Kobelo. Ila huo mguu jamani! Mtu gani anatembea hivyo?"

Kobelo akainuka, mdomo wazi.

"Kanuni, bwana," mwenyekiti akamkumbusha.

"Rekebisha," Siwema akasema, na roho yake ikaburudika.

Bi Tatu akanyooka, akatembea kama askari wa gwaride. Kobelo akalia mbele za watu, na Siwema akamtazama mpaka mwisho. Mkuki kwa nguruwe mtamu!

Kobelo alimfuata mlangoni. "Dada Siwema, yule alikuwa mama yangu."

"Najua."

Kobelo akajifuta uso. "Sikukaa naye. Kwa mwendo wake niliutegemea mkanda. Nitamchora upya kwa mkono wangu, ila nakuomba unisaidie. Alianza na nini, bega au mguu? Bega lipi?"

Siwema alilijua bega hilo. Lilimwegemea kila asubuhi.

"Kwanza niambie, Shomari alikuwa anafumba jicho lipi?"

Kobelo akafikiri, akatikisa kichwa. "Kusema kweli sikuangalia, dada. Nilitaka tu watu wacheke."

Mwaka mzima Siwema alikuwa akisimama mbele ya kioo, akifumba la kulia, akifumba la kushoto, asikumbuke. Wengine wote alikwisha kuwauliza; huyu alikuwa mtu wa mwisho aliyebaki.

"Basi na mimi," akasema, "sikuangalia."