Mabishano ya Bel-Air

Alhamisi, alasiri

Casimir aliusukuma mlango wa chumba cha nyuma kwa kisigino, akakaa juu ya kreti ya bia na kuweka simu katikati ya meza. Kwenye kioo palikuwa na picha ya kabati. Kabati la chuma, la kijivu, limefungwa kwa boliti ukutani.

"Hii haivunjiki," alisema. "Donc hatutavunja."

Baa ilikuwa mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Upande wa mbele muziki ulipigwa kwa sauti kubwa, na ndiyo sababu Casimir aliipenda. Katika chumba kile walikuwa watatu tu. Casimir mwenyewe, aliyekuwa akipora malori ya shaba kwenye barabara ya Kinsevere mpaka barabara ilipojaa wanajeshi. Mukuka, dereva, mzaliwa wa Sakania, mji wa mpakani, mtu wa maneno machache. Na Huguette, mpenzi wa Mukuka, aliyesoma fasihi chuoni mwaka mmoja na nusu kabla ya baba yake kufa na masomo kukatika. Picha ile aliipiga yeye.

Ndani ya kabati mlikuwa na vitabu vitano. Casimir alicheka mara ya kwanza alipoambiwa. Siku hiyo ya Alhamisi hakucheka.

Kilikuwa kisa kimoja katika juzuu tano, Ngome ya Nyuki, hadithi ya zamani ya malkia, majoka na mji uliozingirwa. Nakala zake za jalada la karatasi zilipatikana hata kwa wauza mitumba. Lakini hizi za kabatini zilikuwa za toleo la kwanza, lililochapwa nakala chache sana: ngozi ya buluu, ramani zilizopakwa rangi kwa mkono, sahihi ya mwandishi ndani ya kila juzuu. Tangu televisheni ilipoanza kuonyesha hadithi hiyo kwa mfululizo, wakusanyaji wa vitabu walikuwa kama wamepandwa na wazimu. Mmoja wao, ng'ambo ya mpaka, alizitaka zote tano kwa pamoja. Zisiwe na doa wala mkunjo.

Mwenye kabati alikuwa Maman Kapinga, mjane, mfamasia mstaafu. Nyumba yake ya mtaa wa Bel-Air ililindwa usiku na mbwa na wanaume wawili. Mchana alibaki mlinzi mmoja tu getini, kwa sababu kila Jumamosi mama huyo alikaribisha watu wa kusoma. Walikunywa chai, wakala mikate, wakabishana kuhusu hadithi hiyo mpaka jua linazama. Huguette alikuwa mmoja wao kwa miezi mitatu sasa. Katika miezi hiyo aliona kabati likifunguliwa mara mbili, na mara zote mbili sababu ilikuwa moja. Ubishi ulikuwa umewashinda, ikabidi maneno yenyewe ya mwandishi yasomwe.

Casimir alimgeukia. "Weye hautaiba kitu. Utabishana tu. Bishana mpaka ule mama afungue."

Akataka kujua atabishana kuhusu nini. Huguette akaeleza. Katika juzuu ya tano, Malkia Isaure anaamuru lango la mji lifungwe huku mwanawe yuko nje, na adui yuko nyuma ya mwanawe. Kwenye televisheni malkia hakujua kwamba kijana yuko kule. Anapojua, anafungua lango, na wote wanaokoka. Vitabu vya bei nafuu havisemi alijua au hakujua, maana sentensi moja iliachwa wakati wa kuchapa upya. Sentensi hiyo ilibaki katika toleo la kwanza peke yake.

"Na wewe unasema je?" Mukuka aliuliza.

"Alijua. Mimi nasema alijua. Lakini Jumamosi nitasema kama hakujua."

Casimir hakuwa na haja na malkia. Alirudia mpango mara tatu, polepole, macho yake kwa Huguette. Watamfunga pamoja na wengine, atalia pamoja na wengine, hakuna atakayemshuku. Wao wawili wataondoka na Toyota kwa njia inayofuata reli mpaka Sakania, kwa shangazi yake Mukuka. Jumatatu Huguette atapanda gari kuwafuata. Alimfanya aitaje njia hiyo kwa mdomo wake, kijiji baada ya kijiji, kama mtoto anayejifunza sala.

Nje, karibu na mapipa ya taka, Huguette alimshika Mukuka mkono. Alimwomba pasipigwe mtu. Alimweleza jinsi Maman Kapinga alivyomnawisha mikono siku moja, akamkausha vidole kwa taulo safi, kisha akamwachia juzuu ya kwanza aisome mezani mchana kutwa. Mukuka alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema Casimir ameahidi.

Jumamosi, saa tisa mchana

Christiane alikuwa ameshaanza kukasirika kabla hata chai haijamiminwa.

Alikuwa mwalimu wa katekisimu, mwanamke mpole kila mahali isipokuwa katika jambo hili. Kwake yeye televisheni ilikuwa imekinajisi kitabu. Walichukua mwanamke aliyefanya jambo la kutisha, alisema, wakamgeuza mama wa tangazo la sabuni. Fils, mwanafunzi wa uhandisi, alimpinga kama kila juma. Yeye aliijua hadithi kwanza kupitia televisheni, vitabu vikaja baadaye, na hakuona aibu. Watu wangapi Lubumbashi wangemjua Isaure bila ile série? Kitabu cha ngozi kilichofungiwa ndani ya chuma kinamsaidia nani?

Kwa kawaida Huguette angesimama upande wa Christiane. Safari hii aliweka kikombe chini akasema Fils yuko sahihi, tena zaidi ya anavyodhani. Televisheni haikubadilisha kitu. Malkia hakujua. Wanaosema alijua wanapenda tu ukatili, na wanamsingizia mwandishi.

Christiane alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

Huguette aliendelea. Alitaja ukungu wa asubuhi ile, urefu wa ukuta, macho ya malkia yaliyokuwa yameanza kufifia tangu juzuu ya tatu. Kila hoja aliitoa mahali pake na kila moja ilikuwa ya uongo. Aliwaona wakiyumba. Fils alitabasamu hadi masikioni. Christiane alisimama, akakaa, akasimama tena. Hata Maman Kapinga, ambaye huwa anasikiliza zaidi kuliko kusema, aliweka mkono kifuani.

"Mutoto wangu," alisema, "weye mwenyewe uliniambia mengine. Nani alikubadilisha?"

"Nilisoma tena, Maman. Hakuna pahali kameandikwa alimuona."

"Kameandikwa."

"Basi tuone."

Mama alimtazama kwa muda, kisha akacheka kidogo, kwa furaha, kama mwalimu aliyepata hatimaye mwanafunzi wa kubishana naye. Akautoa ufunguo shingoni. Alileta zote tano, kwa sababu hakupenda kuzitenganisha, akazipanga juu ya kitambaa cheupe. Huguette aliingiza mkono mfukoni na kubonyeza simu.

Maman Kapinga alivaa miwani. Akatafuta ukurasa bila haraka. Akasoma kwa Kifaransa, kisha akaigeuza kwa Kiswahili ili sentensi ikae vizuri masikioni mwao: Malkia alimwona mwanawe, akamtambua kwa mwendo wake, akawaambia wafunge.

Christiane alifumba macho. Fils akapiga mluzi wa chini. Hapo mlango ukafunguka.

Mlinzi wa getini alikuwa ameshalala chini, kichwa kimepasuliwa na spana ya matairi. Spana ilikuwa mkononi mwa Mukuka, na Mukuka hakumtazama Huguette. Casimir alikuwa na bastola na glavu nyeupe za daktari.

Hakupiga kelele. Aliwaambia wakae chini, wakakaa. Fils peke yake hakukaa. Mkono wake ulikuwa juu ya juzuu ya tano, na pengine ni woga tu uliomfanya asiutoe. Casimir aliondoa kitabu kwanza, taratibu, akakiweka pembeni. Kisha akaushika ule mkono, akaulaza mezani na kuuponda kwa kitako cha bastola. Fils alipiga ukelele. Casimir aliponda tena. Kijana alikuwa ameshaanguka kwa magoti, anaomba, alipomponda mara ya tatu.

"Vieux, inatosha," Mukuka alisema.

"Nani alikuuliza?"

Akamgeukia mwenye nyumba. Alimtaka avifunge vitabu yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kwa vitenge vyake. Maman Kapinga alisema mikono inamtetemeka. Casimir akamwelekezea Fils mdomo wa bastola sikioni na kusema atangoja itulie.

"Funga muzuri, Mama. Kama mutoto muchanga."

Alifunga. Machozi yake aliyafuta kwa bega ili yasidondoke kwenye ngozi, maana hata wakati huo aliviogopea vitabu. Huguette aliona hilo. Alikuwa ameketi sakafuni, umbali wa hatua mbili.

Mukuka aliwafunga wote kwa kamba ya nailoni. Kwa Huguette aliacha nafasi kidogo kwenye vifundo. Casimir alibeba mzigo hadi mlangoni. Hapo akasimama, akageuka, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Merci, Huguette. Ulibishana muzuri sana."

Jumamosi, saa kumi

Ndani ya gari Mukuka alishika usukani. Casimir alikuwa kiti cha nyuma akihangaika na katoni na utepe wa gundi.

"Juu ya nini ulitaja jina yake?"

"Ilinitoroka."

"Batamukamata."

"Hatasema. Anakupenda."

Kwenye njia panda ya kutokea mjini Casimir alimwambia asimamishe. Wanaume wawili ndani ya gari moja, katika barabara ile, wataulizwa maswali. Mukuka atatangulia na mzigo. Yeye atafuata kwa pikipiki. Alipigapiga katoni juu ya kiti, imefungwa kwa utepe kila upande, akamwambia asiifungue, unyevu unaharibu ngozi. Kisha akashuka na begi lake la michezo na kuingia kati ya wauza mkaa.

Mukuka alikaa dakika nzima injini ikiwaka. Angeweza kugeuza gari. Aliwaza mikono ya Huguette katika kamba, akawaza bastola ya Casimir, akawaza tena kamba. Akaingiza gia, akafuata reli.

Huko Bel-Air Fils alikuwa akilia huku ameufumba mdomo. Hatimaye Maman Kapinga aliuliza, bila kugeuza kichwa:

"Ulijua malkia alimuona?"

"Nilijua, Maman. Tangu mwanzo nilijua."

"Na mimi nilifurahi," alisema mama. "Nilisema, huyu mutoto anafikiri."

Hakumsemesha tena, wakati ule wala baadaye.

Majirani walikuja walipoona damu getini. Walikata kamba moja baada ya nyingine. Walipomfikia Huguette, Christiane aliwazuia. Alipiga magoti nyuma yake, akaikagua kamba kwa vidole vyake vya mwalimu wa watoto, akavikuta vile vifundo vilivyolegezwa. Akavikaza. Alikaza mpaka Huguette akauma mdomo. Halafu akaikaza tena.

Polisi hawakuhitaji kumpiga. Alikuwa amejaa hasira, na hasira yote ilikuwa na uso mmoja, ule uliotabasamu mlangoni. Aliwapa jina la Casimir. Aliwapa rangi ya Toyota na namba yake. Aliwapa njia, kijiji baada ya kijiji, kama alivyofundishwa. Aliwaambia dereva si mtu mbaya na hana bunduki, wamkamate tu, wasimpige risasi. Afisa alimwambia ameelewa.

Jumapili, asubuhi

Afisa yuleyule alirudi na simu mkononi. Aliketi mbele yake, akamwonyesha picha, akamtaka amtambue mtu.

Mukuka alikuwa amelala kifudifudi kando ya reli, mguu mmoja bado ndani ya gari. Kulikuwa na kizuizi kabla ya Sakania. Walimwamuru asimame, naye akarudisha gari nyuma kwa kasi, wakafyatua. Huguette aliitazama picha mpaka kioo kikazima chenyewe.

"Mwenzake iko wapi?" aliuliza.

"Alikuwa peke yake."

"Na bitabu?"

Afisa alisogeza picha nyingine. Katoni iliyopasuliwa juu ya boneti. Ndani yake matofali manne na magazeti ya zamani yaliyokunjwa vizuri ili yasicheze.

Huguette hakulia. Aliweka viganja juu ya meza na kuvitazama, alama za kamba zikiwa bado nyekundu kwenye vifundo vya mikono. Mtu mmoja mjini alikuwa ameketi Alhamisi juu ya kreti ya bia, akamfundisha njia mara tatu, akahakikisha haisahau. Kisha akalitaja jina lake kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Afisa alifungua kalamu. Alisema kwamba sasa asimfiche kitu, kwamba Casimir lazima alikuwa na njia ya pili, kwamba hata mahakama itamhurumia akiitaja.

"Afande, mimi najua njia moja tu," Huguette alisema. "Ile aliyonipa."