Ulimi wa Mpishi Uliofunikwa na Mafuta

Kila siku Mama Mwiko aliingia jikoni kabla mafundi cherehani hawajafika. Alikuwa akipikia watu sitini katika kiwanda cha kushona sare. Alikuwa mpishi hodari, na mwenyewe alilijua hilo. Hakuwahi kupima chumvi kwa kijiko. Aliuamini ulimi wake.

Lakini mwezi ule ulimi ulimwangusha. Kiwanda kilianza kununua nyama yenye mafuta mengi, na mara tatu mchuzi ukatoka na chumvi kali. Mafundi walikula wali mtupu. Msimamizi akamwita pembeni.

"Mama, tumevumilia. Mchuzi ukiwa hivi tena kesho, nitatafuta mpishi mwingine."

Alirudi nyumbani amenyong'onyea. Watoto wake walikula kwa kazi ile. Sebuleni alimkuta wifi yake, mdogo wa mume wake. Wifi alikuwa muuguzi kwenye kliniki ya meno, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Wifi, mbona sura imekunjamana hivyo? Kaka yangu amekuudhi?"

"Acha utani leo." Akamweleza yote, machozi yakimlengalenga.

Wifi akaacha kucheka. "Hebu nioneshe unavyoonja."

Mchuzi wa jioni ulikuwa jikoni. Mama Mwiko akachota juu juu, akaonja. Akasukutua kwa maji baridi, akaonja tena. "Unaona? Chumvi hakuna." Akanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi.

Wifi akamdaka mkono. "Subiri! Umechota mafuta matupu. Chumvi inayeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Mafuta yanaelea juu, chumvi yako iko chini."

"Lakini nimesukutua."

"Kwa maji baridi! Ukiosha sufuria ya nyama kwa maji baridi, inatakata?"

"Wapi! Mafuta yanaganda."

"Basi mdomoni ni vivyo hivyo. Mafuta yanabaki juu ya ulimi, chumvi haifiki vizuri."

"Kwani mate hayayaondoi?"

"Kidogo kidogo tu. Mdomo unaanza kazi, haumalizi. Joto lake linalainisha mafuta. Meno yanasaga chakula, mate yanakilowesha ili kimezeke. Nyuma ya ulimi kuna vitezi vinavyosaidia kuvunja mafuta, lakini ni kidogo sana. Kazi kubwa inafanyika kwenye utumbo."

Mama Mwiko akaliacha kopo la chumvi. Miaka yote hiyo ya kupika, na hakuna aliyemwambia. "Sasa nifanyeje?"

"Koroga mpaka chini, ndipo uchote. Kabla ya kuonja tena, tafuna kipande cha mkate mkavu, halafu sukutua kwa maji ya uvuguvugu. Na chumvi pima kwa kijiko."

"Kijiko ni cha wanaojifunza!"

"Basi jifunze, wifi yangu. Chumvi nyingi inapandisha presha za watu."

Kesho yake alipima. Alikoroga, akachota, akaonja. Alitafuna mkate, akasukutua kwa maji ya uvuguvugu, akaonja tena. Mkono ulimwasha kuongeza chumvi, lakini akajizuia.

Mchana ulipofika, hakuthubutu kuchungulia ukumbini. Alijifanya anasugua meza. Mara mlango ukafunguliwa. Msimamizi aliingia na sahani tupu mkononi.

"Nani amepika leo?"

"Mimi, bosi."

Msimamizi akamsogezea sahani. "Niongeze mchuzi. Na kesho upike wewe."