Ukurasa wa Nne

Karatasi ya kwanza ilitoka saa nne asubuhi, ukungu wa Karatu ukiwa bado umelala barabarani. Sabina, msaidizi wa dukani, aliichukua kwenye trei ya printa. Ilikuwa na joto, kama kawaida, ila ilinukia moshi, ule moshi wa vibuyu vya maziwa vya Kimasai.

"Fabiani!" Bi Kauthar, mwenye steshenari, aligonga ukuta wa mbao. "Kazi zako zinatokea huku tena!"

Printa ilikuwa moja tu. Bi Kauthar na Fabiani wa ofisi ya safari waliichangia, kila mmoja akituma kwa Wi-Fi kutoka upande wake. Hata mteja mwenye simu, akipewa nywila, alituma mwenyewe.

"Mama, mimi hata kompyuta sijawasha," Fabiani alijibu. "Labda printa yetu imeanza kuota ndoto."

Bi Kauthar akacheka. Sabina hakucheka, maana alishaisoma. Fomu ya kujiunga na kidato cha tano, ukurasa wa nne: sahihi au dole gumba la mzazi. Na kwenye kompyuta, jina la aliyetuma lilikuwa Seenoi.

Wiki mbili nyuma Seenoi alisimama pale kaunta, shuka jekundu juu ya sketi ya shule, vumbi la kijijini kwao Olbalbal miguuni. Alituma fomu yake kwa simu, akawa anatabasamu.

"Dada, na wewe ulisoma wapi?"

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa. Sabina, aliyeacha shule kidato cha pili baba yake alipougua kule Rhotia, aligeuza uso kwenye printa. Kurasa tatu zilishatoka. Akazificha chini ya kaunta, akabonyeza kufuta ule wa nne.

"Printa imegoma. Rudi kesho."

"Kesho? Dada, mama lazima aweke dole kabla ya Jumatatu."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Seenoi alirudi kwao, na kesho yake akaanza tena safari ya mjini. Mvua ilikuwa imejaza korongo. Dereva wa lori ndiye aliyeleta habari: mwili ulipatikana, simu haikupatikana. Sabina alisema "maskini" kama wengine, akaendelea kutoa kopi.

Siku ya pili baada ya ile karatasi ya kwanza, zilitoka tatu. Siku ya tano zilitoka zimelowa, na pembeni zina tope. Bi Kauthar alibadilisha nywila mara tatu, akafukiza ubani, mwisho akamwita Ustadhi Sadiki.

Ustadhi alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kusoma, na alipofika katikati umeme ukakatika mtaa mzima, taa zikazima, feni ikasimama, redio ya Fabiani ikanyamaza ng'ambo ya ukuta, na katika kimya kile printa isiyo na taa hata moja ikaanza kuvuta karatasi, polepole, kama mtu anayeng'oa mguu kwenye tope, anatulia, anang'oa wa pili, mpaka ukurasa ukaanguka sakafuni na maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye trei hadi kwenye ndala za Sabina.

"Huyu si wa kufukuzwa," Ustadhi alinong'ona. "Humu kuna mtu anayemjua."

"Ni mimi." Sabina aliinamia ndala zake zilizolowa. "Printa ilikuwa nzima. Nilimdanganya."

"Kwa nini, mwanangu?" Bi Kauthar aliuliza.

"Alikuwa anaenda shule."

Kisha Ustadhi akaiokota ile karatasi kwa ncha za vidole. "Mpelekee mama yake. Kwa mkono wako, na useme yote."

Huko Olbalbal mama yake Seenoi alimsikiliza hadi mwisho, bila kumkatiza. Hakulia, wala hakumtukana. Aliomba kidau cha wino, akagandamiza dole gumba kwenye mstari, akalipuliza likauke, akamrudishia Sabina fomu.

"Nimeweka," alisema. "Sasa nani atampelekea?"

Jumatatu printa ilikaa kimya. Bi Kauthar alimshukuru Mungu, akaenda kununua chai. Sabina akafungua orodha ya simu zilizounganishwa. Ilikuwapo ya Bi Kauthar. Ilikuwapo ya Fabiani. Chini yake, Seenoi.

Mshale ulikuwa juu ya neno Futa. Sabina akaondoa mkono taratibu, akaiweka fomu yenye dole juu ya kaunta, akavuta kiti, akakaa. Harufu ya moshi wa maziwa ilikuwa imesimama upande wa pili wa kaunta, ikisubiri.