Kompyuta ya Wodi ya Wazazi

Asubuhi ile kompyuta ya wodi ya wazazi ilikuwa inatoka jasho. Khatibu, fundi wa kompyuta wa serikali aliyehamishiwa hospitali ya Kumsenga kutoka Tanga, alidhani ni unyevu wa mvua. Alipogusa kioo, kidole kikarudi na ute wa njano, wa vuguvugu, unaovutika kama kamasi. Akajifuta kwenye suruali, uso umekunjamana.

Jana yake aliiwekea diski mpya iliyoletwa kutoka Kasulu, akapanga mafaili kwa mfumo wa kisasa. Ila programu ya kuwashia aliiacha ileile ya zamani, na yenyewe haikuujua mfumo huo. Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta yenyewe, ilikuwa humo ndani, nzima, lakini haikuwa na wa kuifungulia. Ilibidi aweke toleo jipya la programu hiyo.

"Kaka Khatibu, fanya haraka," Generosa, muuguzi wa zamu, alinong'ona mlangoni. "Therese anatoka damu, lazima apasuliwe. Uzazi uliopita kuna dawa ya usingizi nusura imuue. Jina la dawa limo humo, na mwenyewe hajitambui."

"Nivumilie kidogo, sista. Mbona humu kunanuka?"

Generosa akatazama sakafu. "Chumba hiki kimejengwa juu ya shimo la kutupia makondo ya nyuma. Wenyeji walikataa. Walisema mna jini humo, na aliyezoea kulishwa hafukiwi."

Khatibu akaiwasha kompyuta kwa flashi, akaweka programu mpya, akazima, akawasha tena. Kwenye kioo ilipaswa kutokea mistari miwili ya kuchagua. Ikatokea mitatu. Wa tatu haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa mweupe, umevimba, unapumua.

Feni ikakohoa. Vitufe vikalegea chini ya vidole vyake, vikawa laini na vya moto kama fizi za mgonjwa, na kila alipobonyeza kurudi mstari wa kwanza, usaha ulichuruzika katikati yake na kumwingia chini ya kucha, huku ndani ya sanduku kukisikika mlio wa kitu kinachofyonza mfupa taratibu, bila haraka.

"Mawe! Mama yangu! Toka, kaka!" Generosa alisema, kiganja kimeziba pua.

"Nikitoka, anakufa."

Akatapika pembeni. Akasoma Ayatul Kursi, kisha akazamisha mkono ndani ya ule uchafu uliokuwa umefunika vitufe vyote, akapapasa, akabonyeza kitufe cha kufungulia.

Kitu kizito, kilicholowa, kikampita kifuani kikaelekea wodini. Kioo kikakauka. Linux ikafunguka, na taarifa za Therese zikaja. Generosa alisoma jina la dawa, akatoka mbio.

Therese akapona. Mtoto wa kiume akatolewa salama.

Alasiri Khatibu aliitwa wodini apewe shukrani. Alikuwa ameusugua mkono kwa Jiki mpaka ngozi ikababuka. Alimkuta Therese amesinzia, mtoto kifuani akinyonya kwa pupa isiyo ya kichanga, na maziwa yaliyomchuruzika kidevuni yalikuwa mekundu.

Mtoto akaachia titi. Akageuza shingo taratibu, akamtazama fundi, akalamba midomo.

"Ahsante, Khatibu," akasema kwa sauti nene ya kizee. "Sasa na mimi nina mama."