Mkono wa Handakini

Nyumba ya Hilda Ackroyd, katika mji wa Leeds, Uingereza, ilipashwa joto kwa gesi, lakini Jumapili ile mchana sebule ilinuka moshi wa makaa ya mawe.

"Umeunguza nini tena, dada?" aliuliza mdogo wake, Clifford, akijimiminia chai.

"Pua yako ndiyo imeungua. Hiyo harufu ya garimoshi la Whitby."

Wakacheka. Tangu Hilda afiwe na mumewe, mazungumzo yao yalikuwa hayo tu, likizo za utotoni huko Whitby, pwani: mama akigawa mikate ya mayai ndani ya behewa, baba akifunga dirisha kabla garimoshi halijaingia handaki la chini ya kilima, masizi yasiwaingie, wao wakigombea nani ataiona bahari kwanza.

"Nilipenda handaki," Hilda alisema. "Giza likiingia tu, unanishika mkono. Ninavyoutamani mkono ule, Cliff!"

Clifford akatua kikombe. "Mimi? Mimi nilikuwa naikalia mikono yangu kwa woga. Sijawahi kukushika hata mara moja."

Hilda alishusha mkono mapajani. Chini ya meza, vidole vidogo, vya baridi, vilikuwa vikijipenyeza katikati ya vidole vyake.

Havikumwachia tena. Akimenya viazi, vipo, akipiga magoti kanisani, vipo, kiganja chake kikashika masizi ambayo sabuni haikuyatoa, na kila alipogusa mlango atoke, alivutwa nyuma kabla ya kupita, na sauti ya mtoto ikamnong'oneza, "Bado hatujafika?" Kasisi alikuja, akaomba, akanyunyiza maji, na alipomaliza sala, mtu asiyeonekana akaitikia amina. Kasisi alisahau kofia yake kwa haraka ya kuondoka.

"Kilitoka handakini," Clifford alisema kwa sauti ya chini. "Tukirudishe."

Garimoshi la zamani bado lilibeba watalii kiangazi. Wakapanda mchana, wakakaa wakitazamana. Filimbi ililia, handaki likawameza, moshi ukajaa behewa, na katika giza lile Hilda alihisi kitu kizima, si vidole tu, kikimpandia mapajani, chepesi, kimelowa, kikimkumbatia shingo kama mtoto anayeogopa kuachwa, naye akasema, "Kwenu ni hapa, mwanangu. Mama amechoka. Shuka, tafadhali, shuka," na vidole vikambana hadi mifupa ikalia, vikambana tena, kisha vikamwachia.

Mwanga ukaingia. Kiganja chake kilikuwa cheupe, safi.

"Cliff! Kimeondoka!" Hilda alipaza sauti, akicheka na kulia kwa pamoja. "Tazama! Kimeondoka!"

Clifford hakutazama. Alikuwa amekaa wima, uso umempauka, mikono yake miwili imekunjwa kifuani kana kwamba imebeba kitu.

"Sema polepole, dada," alinong'ona. "Amelala."