Paka wa Shimo la Lifti

Jumatatu hiyo asubuhi lifti ya jengo la ghorofa tisa iligoma, na ukumbi wa chini ukajaa watu kama soko. Makarani walitazama saa zao, mama mmoja mwenye faili kwapani alimlalamikia kila aliyesimama karibu naye, na mlinzi alishachoka kujibu swali lile lile. Kati yao alikuwepo mwanamke mwembamba, gauni lake la kijani limemkaa vizuri mpaka mshono wa mwisho, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule, ghorofa ya nne. Wenzake walimwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa sababu maneno yake yalikuwa machache na yalichoma.

Angeweza kupanda ngazi. Lakini kuna sauti aliyoisikia chini ya sakafu, sauti nyembamba ya kukatika-katika, kama ya mtoto aliyelia mpaka akakaukiwa, na miguu yake ikakataa kuondoka.

Baada ya muda fundi wa lifti aliibuka kutoka shimoni. Alikuwa mwanamume wa makamo kidogo, mabega mapana ndani ya ovaroli ya buluu, na kwenye kidole chake kilining'inia kitu cheusi kilichomng'ang'ania kwa meno. Kilikuwa kitoto cha paka kilicholowa grisi, sikio moja limechanika. Fundi aliuliza nani ana kitambaa. Watu wakarudi nyuma, wakichunga nguo zao za kazini. Sindano akatoa kipande cha khaki mkobani, akanyoosha mikono.

Fundi alimweleza kwamba asingeweza kumpeleka paka kwake. Alikaa na mama yake, na mama alikuwa na pumu. Akamwomba amhifadhi siku mbili tu, mpaka apatikane mtu wa kumchukua.

"Mimi sijui kufuga paka," alisema Sindano.

"Hata yeye hajui kufugwa, dada yangu. Mtaanza sawa."

Akamwandikia namba ya simu kwenye kile kile kitambaa, kwa kalamu ya fundi. Lifti ikaanza kutembea, watu wakaingia wakisukumana, na Sindano akapanda ngazi na paka wake.

Alikaa peke yake, chumba kimoja chenye jiko pembeni. Miaka mitatu nyuma alikuwa na mume na binti wa miezi saba. Homa ilimshika mtoto asubuhi. Jioni wazazi walirudi kutoka hospitali na blanketi tupu. Mume hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alisema neno moja tu, "Ungemuwahisha," na neno hilo likakaa nao mezani kila siku, mpaka siku alipofungasha nguo zake na kuondoka. Sindano alibaki na mfuko wa nguo za mtoto. Aliuweka juu ya kabati, akaacha kupokea wageni.

Paka alipitiliza chini ya kitanda, akajibana kwenye pembe ya ukuta. Kutwa nzima hakugusa chakula. Siku ya pili Sindano aliingiza mkono amvute, akautoa na mikwaruzo minne ya damu. Akampigia fundi.

"Njoo umchukue mnyama wako."

"Amekuuma?"

"Amenichana. Nilitaka kumtoa ale."

"Kwake yeye mkono huo ni mwewe," alisema fundi, na sauti yake haikuwa na kicheko. "Usimfuate. Kaa chini, mpe mgongo, yeye ndiye akufuate."

Alikuwa akiyajua hayo tangu utotoni. Baba yake alilinda ghala la nafaka lenye paka kumi na mmoja. Alimweleza Sindano alaze boksi kwa ubavu, mlango wake utazame ukuta, maji yakae mbali na chakula, asimkodolee macho, na akitazamwa afumbe macho polepole kama mtu anayesinzia. Kila siku sahani isogee kiganja kimoja karibu na Sindano. Na azungumze, ili paka aizoee sauti.

Sindano alisema hana cha kuzungumza na paka. Fundi akamwambia asome chochote, hata vipimo vyake vya kazini. Basi akakaa sakafuni na daftari la karakana, simu ikiwa wazi pembeni, akasoma kifua themanini na nne, bega thelathini na nane, kiuno sabini, ukurasa baada ya ukurasa. Fundi alisikiliza mpaka kiuno cha mwanafunzi wa mwisho, kisha akasema hajawahi kusikia taarifa ya habari nzuri kama ile. Sindano alicheka. Alijishangaa mwenyewe.

Siku mbili zikawa wiki mbili. Hakupatikana mtu wa kumchukua paka, na kusema kweli hapakuwa na aliyemtafuta. Sikio lilioza ncha, daktari wa mifugo akalikata, na fundi akaleta dawa mlangoni, akaondoka bila kuingia. Siku ya tisa paka alitoka chini ya kitanda, akanusa kidole gumba cha mguu wa Sindano. "Jifanye kabati," fundi alinong'ona simuni, na Sindano akawa kabati, machozi yakimtiririka bila sababu aliyoijua. Wakampa jina Grisi.

Fundi akaanza kuja Jumapili, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akinukia sabuni ambayo haikuweza kuishinda harufu ya mafuta ya mitambo kwenye kucha zake. Hawakukaa kwenye viti. Walikaa sakafuni, migongo ukutani, sahani ya paka katikati, wakizungumza chini kwa chini wasimshtue. Mapenzi yao yakaanza kwa kunong'ona, na wala hakukuwa na siri yoyote, ni paka tu.

"Mpenzi," alisema fundi Jumapili ya nne, kama anayejaribu ngazi kabla ya kuikanyaga.

"Usiniite hivyo. Paka atashtuka."

"Paka au wewe?"

"Sote wawili," alisema Sindano, lakini hakuuondoa mkono wake.

Fundi hakuwahi kumuuliza habari za nyuma, na Sindano alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Shukrani hiyo ndiyo iliyowaponza.

Jumapili ya tano Grisi, ambaye sasa alipanda kila kitu, aliruka juu ya kabati akaangusha mfuko. Nguo zikamwagika sakafuni. Fundi aliokota kisweta cha manjano, kidogo kama kiganja, akakipima mgongoni kwa paka huku akicheka.

"Kumbe umeshamfumia mwanetu nguo! Mama Grisi, mbona hukuniambia?"

Sindano alisimama.

"Toka."

Fundi alidhani ni utani. Akatabasamu, kisweta bado mkononi. Hapo Sindano alikipokonya na kupiga kelele ambayo chumba kile hakikuwahi kuisikia, akimwambia atoke, atoke nyumbani kwake, asirudi. Mlango ulibamizwa mpaka kioo kikatikisika ukutani. Grisi alitokomea chini ya kitanda, na Sindano akapiga magoti kati ya nguo zile, akizikunja moja moja.

Jumatatu simu iliita, Jumanne ikaita, Jumatano ikaita mara saba. Hakupokea. Ujumbe ulikuja: "Sijui nimekosa nini. Niambie nirekebishe." Aliusoma mpaka akaukariri, na hakujua aanzie wapi kujibu. Alhamisi aliamka ameamua. Fundi akipiga, atapokea. Aliiweka simu kando ya cherehani, akashona makola kutwa nzima akiitupia jicho. Haikuita. Ijumaa haikuita. Wiki ikapita, ya pili ikaifuata, na kiburi na aibu vikamkataza kupiga yeye. Akajisemea kwamba ndivyo walivyo wanaume: anayemvumilia paka si lazima amvumilie mwanamke.

Na Grisi alirudi mwanzo. Kelele za dakika moja zilikuwa zimevunja kazi ya mwezi mzima. Hakutoka mtu akiwa chumbani, hakula akitazamwa, na Sindano aliponyoosha kidole alijikunja akatoa meno. Akaanza upya, sakafuni, mgongo kwa paka, akisoma vipimo kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Ilichukua siku ishirini na tatu. Siku paka alipolala tena miguuni pake, alitamani kumpigia mtu mmoja tu duniani amwambie.

Wiki ya sita baada ya ugomvi ule lifti ya jengo iligoma tena, akaja fundi mwingine, kijana mwenye haraka. Sindano alimuuliza mlinzi, kama vile ni jambo dogo, yule wa zamani yuko wapi.

Mlinzi alimtazama kwa mshangao. "Hukusikia? Lile pande la chuma linaloisawazisha lifti lilimbana, jengo la ng'ambo ya barabara. Mkono wa kulia wameukata chini ya kiwiko. Wiki kama tano sasa. Ilikuwa Alhamisi."

Sindano alihesabu siku kimya, akafika kwenye Alhamisi ile ya makola, akaketi kwenye ngazi. Watu walimpita wakienda kazini.

Jumamosi, kwa maelekezo ya mlinzi, alikwenda nyumbani kwa fundi. Mama mtu alifungua mlango, kifua kikimlia filimbi, akamdhania mtu wa hospitali. Fundi alikuwa kitandani amegeukia ukuta, ndevu zimemjaa, mkono wa shati umefungwa fundo. Hakugeuka. Alimwomba mama yake amwambie mgeni aende. Sindano akaenda. Jumamosi iliyofuata akarudi, akafukuzwa vile vile. Ya tatu, mama alichukua kigoda chake.

"Leo mgeni ni mimi, mwanangu," alisema. "Nakaa nje. Ongeeni."

Sindano akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Umekuja kunionea huruma," alisema fundi kwa ukuta.

"Nimekuja kukuambia nguo zile ni za nani."

Akamwambia. Hakuwahi kuisimulia habari ile kwa mtu yeyote kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini aliisimulia: mtoto alivyokataa ziwa alfajiri, teksi iliyochelewa, benchi la hospitali, muuguzi aliyewaambia waketi kwanza, blanketi. Akalitaja na neno la mumewe. Alipomaliza, fundi alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Nami nikampimia paka kisweta chake," alisema.

"Hukujua. Nilikunyima kujua, kisha nikakuhukumu kwa kutojua. Siku ile kazini. Ulikuwa ukiniwaza?"

Fundi angeweza kudanganya, na kwa muda uso wake ulionyesha kwamba amelifikiria hilo.

"Sikuzima swichi ya usalama. Miaka kumi na miwili sijawahi kuisahau. Ndiyo, nilikuwa nakuwaza. Lakini aliyesahau ni mimi."

Sindano aliinamisha kichwa, akalingojea neno. Alilijua lilivyo, alishaishi nalo nyumba moja. Ungepokea simu. Alisubiri lije, na alikuwa tayari kulibeba, kwa sababu safari hii aliona ni haki yake.

Halikuja.

"Mtoto aliitwa nani?" fundi aliuliza.

Miaka mitatu watu walikuwa wamesema marehemu, wamesema malaika, wamesema yule mtoto. Hakuna aliyeuliza. Sindano akalitaja jina. Fundi akalirudia taratibu, mara mbili, kama mtu anayehakikisha hatalikosea. Hapo ndipo Sindano alipolia, kilio kikubwa cha kuinama, na nje mama aliacha kukohoa ili asikize, kisha akaendelea.

Baada ya siku hiyo mambo hayakunyooka ghafla. Fundi alikuwa na siku za kutosema, na siku ambazo vidole visivyokuwepo vilimuuma mpaka akang'ata mto. Siku moja alirusha kikombe. Kampuni ilimpa kazi ya kupokea simu za lifti zilizokwama, na alirudi kila jioni na uso kama jiwe. Sindano aliendelea kuja Jumamosi. Miezi ilipita kabla fundi hajapanda ngazi za kwake tena, na alipoingia, Grisi, ambaye sasa alikuwa paka mzima, alimnusa kwa mbali, akaona harufu ngeni ya dawa, akaingia chini ya kitanda.

"Amenisahau," alisema fundi.

"Umebadilika harufu tu."

Alijishusha sakafuni kwa shida, mkono mmoja ukishika kabati, akaegemea ukuta. Sindano akakaa kando yake, upande wa mkono uliokatwa. Paka hakutoka siku hiyo. Waliongea kuhusu mama wa fundi, ambaye alikuwa amesema binti yake, dada wa fundi, atahamia kwake kumtunza, kwa hiyo mwanawe asimfanye yeye kisingizio cha kutooa.

"Basi tuoane," alisema Sindano.

Fundi alikitazama kifua cha shati lake. Asubuhi ile, kama kila asubuhi, mama yake ndiye aliyemfunga vifungo.

"Bwana harusi asiyeweza kufunga hata vifungo vyake."

"Mimi ni mshonaji. Nitakushonea shati lisilo na vifungo."

Hakucheka. Alivuta pumzi kama aliyepanda ghorofa zote tisa kwa miguu. Kisha mkono wake wa kushoto ukakitafuta kifungo cha juu kabisa, ukakipapasa, ukateleza, ukakirudia.

"Shona lenye vifungo," alisema. "Nitajifunza."