Hodi ya Mchana Zahanati

Mie si mtu wa hadithi za majini. Hili nimeliona kwa macho yangu, na mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu.

Mwaka juzi zahanati ya kijijini kwetu, mbele kidogo ya Kigombe, ililetewa mwanafunzi wa fildi. Lea jina lake, Msambaa wa Lushoto, anasomea ukunga. Binti ana adabu, shikamoo haimkauki mdomoni. Nesi Sabiha akamfunza kazi, nami nikamfunza ya kwetu: jua likiwa la utosi, usiitikie hodi ya kwanza. Mtu atapiga ya pili. Kisichokuwa mtu hakirudii.

Akacheka. "Bibi, chuoni tumeambiwa mgonjwa akibisha, mkaribishe upesi."

"Haya, mwanangu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

Siku binti yangu Hasina aliposhikwa na uchungu, Sabiha alikuwa amekwenda Muheza kuchukua chanjo. Chumbani tulikuwa sisi tu: Hasina kitandani, mimi nimemshika mkono, Lea miguuni. Jua limesimama. Mtoto keshachungulia.

"Hodi." Mlango wa nyuma. Sauti ya kike, ya upole.

Nikamtikisia Lea kichwa. Wapi, kinywa kishazoea.

"Karibu," akasema, wala hakugeuka.

Mlango haukufunguka. Chumba kikapoa.

Mtoto akatoka, wa kiume. Mlegevu, midomo ya buluu. Hakulia. Lea akamkata kitovu, akamlaza chali mezani, akambana usoni kile kifaa cha kupulizia hewa. Akaminya. Kimya. Akaminya tena.

"Bibi," akanong'ona, "njoo umsugue mgongo. Mikono yangu haitoshi."

Hasina naye damu zinamtoka, nimemkandamiza tumbo kama nilivyoagizwa. Mwanangu huku, mjukuu kule.

"Siwezi. Nikimwachia huyu atakwisha."

"Basi yeyote anisaidie, jamani."

Mtoto akalia.

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lea hakushukuru. Alikuwa amerudi hadi ukutani, kifaa mkononi.

"Nani kamgeuza?" akauliza.

Mtoto alikuwa amelala kifudifudi.

Lea alimaliza fildi yake akaenda zake, na siku ile hataki kuizungumza. Simlaumu. Hasina yu mzima, na mtoto sasa anakimbia. Ila mgongoni alikuwa na alama ya kiganja, kikubwa kuliko changu, vidole vyote vimetanda. Sabiha alisema ni alama ya kuzaliwa, itafutika yenyewe.

Kweli inafutika. Kidole kimoja kimoja. Na kila kidole kinapopotea, mtoto hukatika pumzi usingizini, tukamtikisa na kumwita hadi arudi. Kila mara anachelewa zaidi.

Jana nimemwogesha. Kimebaki kidole gumba.